Dereva wa kampuni, malori ya lisi, na maili zinazopungua

Mwajiri wa kampuni ya uchukuzi Marekani akikupigia simu, kuna namba mbili ambazo utazishika kabla hujakata: senti kwa maili, na maili kwa wiki. "Senti 55, wastani wa maili 2,500." Unazidisha papo hapo na kupata dola 1,375 kabla ya makato, na hesabu za nyumbani zinaanza kupangwa juu ya hiyo namba. Tatizo ni kwamba namba ya kwanza imeandikwa kwenye makubaliano yako ya kazi, ya pili haijaandikwa popote. Ni maneno ya mdomo. Maili zikishuka kutoka 2,500 hadi 1,700, senti zako zinabaki 55 zilezile, lakini mfukoni zinaingia dola 935. Dola 440 zimekatika kwa wiki moja na hakuna aliyevunja ahadi iliyoandikwa.

Mambo mengi hushusha maili. Hapa tunafuata moja ambalo madereva wageni hulijua wakiwa wamekwisha kuumia: kampuni inapoendesha malori yake yenyewe kwa madereva iliowaajiri, pamoja na malori iliyowakodisha madereva wengine kwa mkataba wa lisi (dereva hulilipia lori kila wiki), na yote yanagawiwa lodi, yaani mizigo ya kusafirisha, na dispacha mmoja, mtu wa ofisini anayewapangia madereva safari. Tufuate safari yenyewe, tangu hiyo simu hadi wiki ambayo dereva anaamua kubaki au kuondoka.

Swali la kwanza la kuuliza kwenye simu ni wastani huo ni wa nani. Lori la madereva wawili wanaopokezana hufika maili 5,000 kwa wiki bila shida, na likichanganywa kwenye hesabu linapandisha wastani wa wote. Madereva wa lisi nao huwa wanakimbia zaidi kwa sababu wana deni la lori kila wiki. Kwa hiyo uliza hivi, neno kwa neno: madereva wa kampuni wanaoendesha peke yao, kwenye kundi nitakalopangiwa, walilipwa maili ngapi kwa wiki katika wiki 13 zilizopita? Na wa katikati kabisa, ukiwapanga kutoka wa chini hadi wa juu, alipata ngapi? Mwajiri mwenye jibu atakupa. Asiye nalo ataanza kukusimulia dereva mmoja aliyefika 3,400.

Uliza pia maili zinalipwa kwa kipimo gani. Kampuni nyingine hulipa kwa njia ambayo lori hupita kweli, nyingine kwa njia fupi kuliko zote kwenye ramani, hata kama dereva mwenye akili asingepitisha trela la futi 53 humo. Tofauti ya asilimia kadhaa hapo inaonekana kila wiki, na madereva wengi huilaumu lisi kwa kosa la kipimo. Linganisha odomita na karatasi ya malipo kabla ya kumlaumu mtu.

Siku za mafunzo ya kuanza kazi ndizo za kufungua macho. Kama kampuni ina mpango wa lisi, mara nyingi mtu wa idara hiyo ataingia darasani akiwa na picha za malori mapya. Usimsikilize kwa ajili ya lori. Msikilize kwa ajili ya mambo matatu yatakayokuhusu wewe unayebaki dereva wa kampuni. Nani mmiliki wa karatasi za yale malori: kampuni yenyewe, kampuni dada yake, au mkodishaji wa nje asiyehusika nayo? Madereva wa lisi wanalipwa kwa maili au kwa asilimia ya malipo ya mzigo? Na je, wanaruhusiwa kukataa lodi? Majibu hayo matatu ndiyo yatakayoamua lisi inakupunguzia maili, inakuongezea, au haikugusi kabisa.

Wiki nne za mwanzo hazikwambii kitu. Dispacha bado hakujui, anakupa lodi ambazo hata ukichelewa hazitamuumiza. Kuanzia wiki ya sita ndipo picha inaonekana, na hapo ndipo hasira huanza. Umekaa kwenye kituo cha mapumziko tangu asubuhi, saa zako zimejaa, kifaa cha logi kinachohesabu saa zako kinaonyesha saa 11 za kuendesha ambazo hujagusa hata moja, na jirani yako wa lisi ameshapewa lodi ya maili 1,200 pamoja na inayofuata. Ukimwuliza dispacha, anajibu, "Mizigo imepungua kidogo."

Kabla ya kuhukumu, angalia saa zako mwenyewe. Sheria inakupa saa 70 za kazi ndani ya siku 8, na ndani ya siku moja saa 11 za kuendesha katika dirisha la saa 14. Maili 2,500 kwa mwendo wa wastani wa maili 55 kwa saa zinakula takribani saa 45 za kuendesha. Ukisubiri saa 4 kwenye maghala matano na ukaandika muda wote huo kuwa uko kazini, saa 20 za zile 70 zimekwenda bila maili hata moja. Mpangaji wa mizigo akiangalia skrini yake haoni bidii yako, anaona saa zilizobaki. Dereva mwenye saa 9 hapewi lodi inayotaka 20. Pia tuma mapema muda utakaokuwa huru, saa kadhaa kabla ya kushusha. Anayesubiri mpaka ashushe ndipo aseme "niko tayari" hukuta lodi za asubuhi zimekwisha. Januari na Februari nazo mizigo hupungua karibu kila mahali. Haya ukishayatoa, kilichobaki ndicho cha kuchunguza.

Sasa tuingie kwenye meza ya dispacha. Tuchukulie ana malori 40: 25 ya kampuni na 15 ya lisi, na wiki hii mizigo aliyonayo ina jumla ya maili 92,000. Akigawa sawa, kila lori linapata 2,300. Lakini akiambiwa na wakubwa wake ahakikishe malori ya lisi hayapungui 2,700, hayo 15 yanachukua maili 40,500. Zinabaki 51,500 kwa malori 25, yaani 2,060 kwa kila moja. Hakuna aliyeonewa waziwazi, hakuna aliyeachwa siku tatu bila kazi. Ila kila dereva wa kampuni amepoteza maili 240, na kwa senti 55 hizo ni dola 132 kwa wiki. Kwa wiki 50 ni dola 6,600. Ni pesa inayoondoka taratibu mno kiasi kwamba mtu anaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kujua imekwenda wapi.

Kwa nini wakubwa waseme hivyo? Dereva wa lisi anadaiwa malipo ya lori, bima na makato mengine kila wiki, iwe ameendesha au amelala. Makato hayo yanatolewa kwenye malipo yake ya maili. Asipotembea vya kutosha hesabu yake inakuwa hasi, deni linasogea wiki ijayo, na baada ya wiki tatu nne za namna hiyo anarudisha funguo. Kama lori ni la kampuni au la kampuni dada, wamepoteza pato la kodi, wana lori la kusafisha na kutengeneza, na wanatafuta mtu mwingine wa kulichukua. Kumlisha dereva wa lisi maili ni kulinda hiyo kodi.

Haki inataka tuseme upande wa pili pia, kwa sababu madereva wa lisi wanalalamika kinyume chake, na si kwamba wanasema uongo. Lori la kampuni likisimama, gharama yake inaikalia kampuni. Lori la lisi likisimama, anayeumia kwanza ni dereva. Kwa hiyo mahali ambapo kampuni imejaa madeni ya malori yake yenyewe, na malori ya lisi ni ya mkodishaji wa nje, wanaolishwa kwanza huwa ni madereva wa kampuni. Ndiyo sababu swali la nani anamiliki karatasi ni zito kuliko yote. Usikubali maneno ya kijiweni kwamba "lisi wanapendelewa daima". Inategemea hasara ya lori lililosimama inaangukia meza ya nani.

Jambo la pili, namna ya kulipwa, ndilo linaloamua mnagombania lodi zipi. Dereva wa lisi anayelipwa kwa maili anataka kile kile unachotaka wewe: lodi ndefu, maili 900 hadi 1,400, kubadilisha trela na kuondoka. Hapo mnakula sahani moja, na mwenye deni akipewa kijiko kwanza wewe unabaki na maili 280 za kwenda kushusha kwa mkono. Lakini anayelipwa asilimia anafuata dola, hafuati maili. Lodi ya maili 320 inayolipa vizuri ni tamu kwake kuliko ya maili 1,300 inayolipa kidogo kwa kila maili. Kampuni ya namna hiyo inaweza kukufaa sana wewe wa senti kwa maili, maana zile ndefu za bei ya chini zinazokimbiwa na wa asilimia zinakuja kwako, na senti zako hazijui mzigo umelipa nini. Kuna madereva wa kampuni wanaopata maili nzuri miaka nenda rudi kwa sababu hiyo tu, bila kuijua.

La tatu ni kukataa. Pale ambapo dereva wa lisi anaruhusiwa kukataa lodi na wewe huruhusiwi, zilizokataliwa hazipotei. Zinakushukia. Utazitambua: New York City na trela refu, maghala ya vyakula yanayoshusha kwa saa sita, lodi yenye vituo vinne ndani ya maili 400, ya kuchukua Ijumaa usiku na kushusha Jumatatu. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote kwa maili. Maili 350 zimekufunga siku tatu, na kwenye kumbukumbu za kampuni inaonekana ulikuwa na lodi muda wote, kwa hiyo hata malipo ya kusubiri bila kazi hupati.

Kuna lisi nyingine ambayo madereva hawaioni kabisa: ile ambayo kampuni yenyewe imekodi malori unayoendesha wewe. Mikataba ya aina hii, hasa ile inayojumuisha matengenezo, mara nyingi ina malipo ya kudumu ya mwezi, malipo kwa kila maili, na kikomo cha maili kwa mwaka au kwa muda wote wa mkataba. Lori likivuka kikomo, kampuni inalipa ziada. Dalili zake ni hizi: umekuwa ukikimbia vizuri miezi minane, kisha ghafla unahamishiwa lodi za mkoa mmoja, au unaambiwa ubadilishe lori na dereva mwenzako ambaye lake lina maili chache, au lori likiharibika unasubiri nusu siku kwa sababu idhini ya kutengeneza lazima itoke kwa mkodishaji. Ukiona hivyo uliza moja kwa moja, "Lori hili lina kikomo cha maili? Limebakiza ngapi?" Kama tatizo ni hilo, dawa ni kupewa lori jingine, na ombi hilo hukubaliwa kirahisi kuliko malalamiko ya maili.

Kuanzia hapo fungua daftari. Wiki sita zinatosha, chini ya hapo ni bahati tu. Kila lodi iandikie mstari: tarehe na saa uliyotangaza uko huru, saa uliyopewa lodi, saa zilizobaki kwenye 70, maili tupu hadi kwenye mzigo, maili zilizolipwa, maili za odomita, saa za kusubiri kuchukua, saa za kusubiri kushusha, na kama ulipewa lodi inayofuata kabla ya kushusha. Mwisho wa wiki jumlisha kitu kimoja kuliko vyote: saa ulizokaa huru, ukiwa na saa za kuendesha, bila lodi. Hiyo ndiyo namba isiyo na ubishi. Ikiwa ni saa 6 kwa wiki, tatizo lako liko kwenye maghala au kwenye mwendo wako. Ikiwa ni 25 au 30 na wenzako wa lisi katika kituo kilekile wanaondoka, daftari linakuonyesha jinsi meza inavyogawa.

Zungumza na wenzako, lakini uliza vizuri. "Wiki hii umepata ngapi?" ni swali la kuambulia majigambo. Uliza walisubiri saa ngapi kati ya lodi mbili za mwisho. Watu hawadanganyi sana juu ya kusubiri, kwa sababu kusubiri kunauma.

Ukienda kwa dispacha, usianze na neno lisi. Atajitetea, na mazungumzo yamekwisha. Anza na daftari: "Katika wiki sita nimekaa saa 160 nikiwa huru na saa zangu zimejaa. Sijachelewa lodi hata moja. Nifanye nini wiki ijayo nifike 2,400?" Mpe wiki mbili. Zisipobadilika, omba kuhamia kwa dispacha ambaye kundi lake ni la malori ya kampuni peke yake. Kampuni nyingi zenye mipango yote miwili zina makundi ya namna hiyo. Hili limewaokoa madereva wengi kuliko kuhama kampuni. Njia nyingine ni kuomba kupangiwa mteja mmoja maalumu au njia ya kudumu, ambako maili hazitokani na meza ya pamoja.

Sheria haitakusaidia sana kwenye mgao wenyewe, na ni afadhali ujue mapema. Hakuna kanuni ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri kugawa maili sawa. Madereva wengi wa lori la masafa marefu wameondolewa kwenye sheria ya shirikisho ya malipo ya saa za ziada, ingawa kima cha chini cha dola 7.25 kwa saa bado kinawahusu. Lakini ukipunguziwa maili kwa sababu ulikataa kuendesha ukiwa umechoka au saa zako zimekwisha, hilo ni jambo jingine kabisa, ni adhabu isiyoruhusiwa. Malalamiko ya kulipiziwa kisasi yanapelekwa OSHA, shirika la serikali la usalama kazini, ndani ya siku 180. Ya kushinikizwa uvunje kanuni yanapelekwa FMCSA, idara ya serikali ya usalama wa malori, ndani ya siku 90. Hifadhi ujumbe wa kwenye kifaa cha lori kwa kuupiga picha siku hiyohiyo, maana ukiachishwa kazi huwezi tena kuufungua.

Sasa mtego wenyewe. Karibu na wiki ya kumi, maili zikiwa chini na moyo umechoka, mtu atakuja na jibu: "Chukua lisi, utapata maili." Na huenda ni kweli utazipata. Ndiyo maana inauma. Kaa chini upige hesabu kabla ya kalamu.

Huu ni mfano, weka namba za mkataba wako. Tuseme lisi inalipa dola 1.55 kwa maili pamoja na nyongeza ya dizeli. Dizeli dola 3.90 kwa galoni, lori linakwenda maili 6.5 kwa galoni, hizo ni senti 60 kwa maili. Weka senti 12 za matengenezo na matairi. Zinabaki senti 83. Gharama za kudumu, lori na bima na makato mengine, dola 1,150 kwa wiki. Maili 1,385 za kwanza za kila wiki ni za kulipa lori tu, wewe hujala kitu. Ukifika 2,500 unabaki na dola 925. Ukifika 3,000 unabaki na dola 1,340, pungufu ya dola 1,375 ambazo dereva wa kampuni mwenye maili 2,500 anapata bila kununua dizeli. Ukipata 1,700, zile zile zilizokufanya ukasirike, unabaki na dola 261. Na juu ya faida hiyo utalipa mwenyewe kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3, wakati mwajiriwa hukatwa 7.65 na nusu ya pili hulipwa na mwajiri.

Halafu kumbuka, anayegawa lodi ni yuleyule. Siku kampuni itakapobadilisha nani alishwe kwanza, au soko la mizigo likianguka, deni litakuwa kwako. Kikosi kazi cha kuchunguza lisi za malori, kilichoundwa chini ya sheria ya miundombinu ya 2021, kilitoa ripoti yake Januari 2025 na kupendekeza Bunge la Marekani lipige marufuku mipango ya lisi ya kununua lori ambayo kampuni ya uchukuzi inamdhibiti dereva. Pendekezo si sheria, na mipango hiyo bado inauzwa.

Ukiamua kuchukua hata hivyo, chukua mkataba wote nyumbani kwanza. Kanuni za shirikisho, sehemu ya 376 ya juzuu ya 49, zinataka makubaliano ya kampuni ya uchukuzi na mwenye lori yawe kwa maandishi, malipo yaelezwe wazi, ulipwe ndani ya siku 15 baada ya kuwasilisha karatasi za safari, uonyeshwe ankara ya mzigo kama unalipwa asilimia, na akiba ya dhamana irudishwe ndani ya siku 45 baada ya mkataba kwisha. Lakini ule mkataba wa kulikodi lori ni karatasi nyingine, soma yote mawili. Tafuta malipo makubwa ya mwisho, tafuta nani anashika fedha za matengenezo ukirudisha lori katikati, na tafuta kama unaweza kulipeleka lori kwa kampuni nyingine. Kama huwezi, umekodi lori pamoja na dispacha wake.

Na kama daftari limekwambia uondoke, ondoka kwa mpangilio. Pakua karatasi zote za malipo kabla ya kutoa notisi, kwa sababu akaunti yako inaweza kufungwa siku hiyohiyo. Maliza lodi uliyonayo. Rudisha lori kwenye kituo cha kampuni, hata ikiwa ni maili 600 kutoka ulipo. Ukiliacha barabarani, alama ya kutelekeza lori itawekwa kwenye rekodi yako ya ajira, na kampuni inayofuata itaisoma kabla ya kukupigia simu. Piga picha za odomita, tairi zote, ndani ya chumba cha dereva na kiwango cha dizeli, zikiwa na tarehe. Omba risiti ya funguo iliyotiwa saini na mtu wa kituo, na uondoke nayo mkononi.